Tuinue Gari kwa Kiasi Gani? Somo kuhusu Springi, Matairi na Madigadi ya Pikapu ya Mradi



Kila mwaka masika yanapokwisha, ombi moja hurudi katika vikao vya bajeti: gari liinuliwe. Sharika za upande wa mbuga na zile za ng'ambo ya makorongo huomba pikapu ya mradi ifungwe springi ndefu, iwekewe matairi makubwa, na madigadi yakatwe ili matairi hayo yapate nafasi. Wafadhili nao wanapokiona kipengele hicho kwenye bajeti huuliza swali la haki: je, hili ni hitaji au ni mapambo?

Somo la robo hii limeandaliwa ili kusaidia pande zote mbili. Hatukusudii kumfundisha fundi kazi yake. Tunakusudia kwamba mjumbe wa kamati ambaye hajawahi kushika spana aweze kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia sahihi. Fundisho lenyewe tunaliweka hapa mwanzoni: springi huchaguliwa kwa mzigo wa kila siku, tairi huchaguliwa kwa njia, na madigadi hukatwa kwa kadiri tairi linavyodai tu. Urefu wa gari hutokana na mambo hayo matatu. Kamati inayoanza kwa kutaja urefu imeanzia mwisho.

1. KAZI YA GARI LETU

Pikapu ya mradi ina kazi nyingi. Leo inabeba saruji na mabomba ya kisima, kesho mbegu na miche, na kesho kutwa inarudi tupu kutoka mtaa wa mbali. Usiku wowote inaweza kuitwa kumwahisha mgonjwa au mama mjamzito hospitalini, kwa sababu kijijini hakuna gari jingine. Kazi zote hizo hufanywa na springi zile zile nne.

Ugumu uko hapo. Springi iliyofungwa kwa ajili ya tani nzima ya saruji haijui kwamba usiku huu amepakiwa mgonjwa mmoja. Itamrusha. Na springi laini inayomfaa mgonjwa italala chini siku ya saruji, gari ligonge tumbo kwenye kila tuta. Hakuna springi inayomaliza yote mawili, hivyo ni lazima kuchagua, na uchaguzi huo ni wa kamati kabla ya kuwa wa fundi.

2. SPRINGI NA SHOKAPU HUFANYA KAZI GANI?

Pikapu nyingi za huku kwetu, ziwe Toyota Hilux au Land Cruiser, zina springi bapa upande wa nyuma, yaani vyuma vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Bolti ya katikati hushika vyuma hivyo pamoja, na yubolti huvibana kwenye ekseli. Chuma kirefu kuliko vyote, chenye jicho kila upande, ndicho kinachoishika ekseli mahali pake. Kikivunjika ekseli huhama, na gari hutembea upande kama mbwa anayekimbia.

Upande wa mbele hutofautiana. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, zilikuja huku zikiwa pikapu zenye springi bapa hata mbele. Tangu mwaka 1999 pikapu za mfululizo huo zimekuwa na springi za koili mbele. Hilux za zamani, baadhi zilikuwa na springi bapa mbele na nyingine zilikuwa na nondo zinazojisokota, ambazo mafundi huziita toshenbaa. Hilux ya umbo jipya iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 ilikuja na koili. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati ni hili: gari letu lina nini mbele? Anayetoa bei ya kuinua gari kabla ya kuinama na kuangalia, bei yake haina msingi.

Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kupiga dansi baada ya shimo. Kwenye barabara yenye mikunjo kama bati, shokapu hufanya kazi bila kupumzika na hupata joto kali. Ikichoka, tairi huanza kurukaruka, na tairi lililo hewani halisikii breki wala usukani. Mara nyingi gari linalodaiwa kuwa "limeshuka" au "linayumba" linahitaji tu shokapu mpya na bushi mpya. Hayo ni matengenezo ya kawaida, nayo huanza kabla ya jambo jingine lolote.

3. HESABU YA UNENE WA SPRINGI

Njia inayotumika sana mitaani ni kuongeza chuma kimoja au viwili kwenye springi za nyuma. Ni njia halali, lakini ina hesabu yake. Ugumu wa chuma bapa hukua kwa kuzidisha unene mara tatu kwa wenyewe. Chuma chenye unene wa milimita 9, kikiwa na upana na urefu sawa na chenye milimita 6, si kigumu mara moja na nusu tu. Ni kigumu zaidi ya mara tatu. Chenye milimita 12 ni kigumu mara nane.

Ndiyo maana chuma kimoja kinene kilichotolewa kwenye lori na kuchanganywa na vyembamba vya pikapu huharibu mpango wote. Chuma hicho hubeba karibu mzigo wote peke yake, vingine hukaa kama wageni, na gari likiwa tupu hurusha kila kilichomo. Anayeongeza chuma aongeze kinachofanana na vilivyopo kwa upana, unene na mpindo, au anunue seti kamili iliyotengenezwa kwa kiwango cha mzigo kinachojulikana. Watengenezaji wengi wa springi za magari ya porini huziuza kwa madaraja: za gari tupu, za mzigo wa wastani, na za mzigo mzito wa kila siku. Kamati itaje daraja inalotaka, na isiishie kusema "springi ngumu".

Jambo la pili ni kwamba springi mpya haiongezi uwezo wa gari kubeba. Uzito ulioruhusiwa na kiwanda umeandikwa kwenye kibati cha gari, nao umepangwa kwa kuangalia ekseli, beringi, chesisi, breki na matairi kwa pamoja. Springi ikiwa ngumu, gari halioneshi tena kwamba limelemewa. Halilali, lakini beringi na chesisi vinaujua ukweli.

Tuchukue mfano. Pikapu ya aina hii hubeba takriban tani 1, yaani kilo 1,000, na watu walio ndani ya kabini wamo katika hesabu hiyo. Dereva na abiria wawili, kila mmoja kilo 70, ni kilo 210. Pipa la dizeli la lita 200 lina dizeli ya takriban kilo 170, na pipa lenyewe takriban kilo 20, jumla 190. Tumefika kilo 400. Zilizobaki ni kilo 600, yaani magunia sita ya mahindi ya kilo 100, au mifuko 12 ya saruji. Wengi wetu tumezoea kuhesabu magunia kumi, kana kwamba dereva na pipa havina uzito.

4. KUINUA GARI KUNAINUA NINI?

Hapa wengi hushangaa. Ukiinua springi kwa sentimita 5, bodi na chesisi hupanda sentimita 5. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ambalo hugota kwenye jiwe kabla ya kitu kingine, halipandi hata kidogo, maana liko kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya matairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi.

Kuinua springi kuna faida nyingine. Bampa ya mbele haigusi ukingo wa korongo mapema, tumbo la gari linavuka tuta kwa urahisi, na tairi linapata nafasi ya kupanda ndani ya madigadi. Hizo ni faida za kweli kwa sharika zinazovuka makorongo. Lakini kama tatizo la njia ni mawe na mifuo mirefu ya malori inayokwaruza difu, springi ndefu peke yake haitaliondoa.

Tena, kila sentimita inayoongezwa hudai kitu mahali pengine. Kwa magari yetu tunashauri isizidi sentimita 4 hadi 5, nayo iambatane na ukaguzi wa mambo yafuatayo:

(a) Mipira ya breki. Ekseli ikining'inia, mpira wa breki usivutike. Ukivutika utapasuka, na haupasuki gereji. Unapasuka njiani.

(b) Vali ya breki za nyuma. Pikapu nyingi zina vali iliyofungwa kwenye chesisi yenye fimbo inayokwenda kwenye ekseli. Gari likilala kwa mzigo, fimbo huijulisha vali, nayo hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiinuliwa, vali hudhani bodi ni tupu siku zote na hupunguza nguvu hiyo. Matokeo ni kwamba gari lenye tani nzima hushuka mlima kwa kutegemea breki za mbele zaidi. Fimbo hiyo ni lazima irekebishwe. Hili ni jambo dogo kwa kazi, kubwa kwa madhara, na husahaulika kuliko yote.

(c) Urefu wa shokapu. Shokapu fupi kwenye springi ndefu hugeuka kuwa kamba ya kuzuia ekseli. Kila tairi likining'inia, shokapu huvutwa mpaka ing'oke kwenye mshikizo wake.

(d) Bolijointi, shafti za mbele na propela. Kwenye gari la toshenbaa, kukaza nondo ili mbele ipande huziweka shafti za mbele kwenye pembe kali na kuacha nafasi ndogo ya tairi kushuka. Mipira ya shafti na bolijointi huisha mapema. Propela nayo ikikaa kwa pembe kali huleta mtetemo.

(e) Usukani. Baada ya kuinua, alaimenti ipimwe upya. Gari linalohitaji kushikiliwa muda wote lisitoke gereji.

(f) Taa. Pua ikipanda, mwanga huwapiga machoni wanaokuja mbele. Taa zishushwe.

Kuna njia za mkato ambazo tunaziomba kamati zizikatae. Ya kwanza ni kuweka kipande cha chuma au mti kati ya springi na ekseli ya mbele ili gari lipande. Kikichomoka, usukani umekwisha. Ya pili ni kurefusha sana kile kiungo cha springi kinachobembea. Kwenye springi bapa za mbele, urefu huo huigeuza ekseli kidogo, na usukani huacha kurudi katikati wenyewe. Ya tatu ni kurudishia yubolti za zamani. Yubolti zikifunguliwa kwa kazi hii ziwekwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, maana springi mpya hujipanga na bolti hulegea.

5. MATAIRI: TUJIFUNZE KUSOMA NAMBA

Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 265/70R16. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi hilo lina kimo cha takriban milimita 777 kutoka chini hadi juu. Tairi la 285/75R16 lina takriban milimita 834. Tofauti ni milimita 57, lakini nusu yake tu, karibu sentimita 3, ndiyo inayoinua difu.

Sentimita 3 hizo zina gharama. Mzunguko wa tairi jipya ni mrefu kwa asilimia 7. Mshale wa mwendo ukionesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 86. Kwa wanaoandika ripoti jambo hili ni zito: gari likitembea kilomita 1,000 za kweli, mita itaonesha takriban 932. Mafuta kwa kila kilomita yataonekana yamepanda kuliko hali halisi, oili itabadilishwa kwa kuchelewa, na mfadhili anayelinganisha mwaka huu na uliopita atapata picha isiyo sahihi. Matairi yakibadilishwa kimo, tarehe iandikwe kwenye daftari la gari na ripoti iseme hivyo. Aidha, tairi kubwa huzipa breki na klachi kazi zaidi, na gia ya kwanza haivuti kama zamani, jambo linaloonekana wazi kwenye mlima na mzigo.

Kabla ya kununua tairi kubwa, tujaribu upepo. Kwenye mchanga, kushusha upepo kutoka 35 hadi karibu 20 hulirefusha tairi pale linapokanyaga, na gari lililokuwa linazama hupita. Kinachohitajika ni kipimo cha upepo na pampu, vitu vya gharama ndogo. Sharti ni moja: upepo urudishwe kabla ya kukimbia tena, maana tairi laini kwenye mwendo hupata joto na kupasuka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, upepo hausaidii sana. Pale meno ya tairi ndiyo huamua, na mara nyingi uamuzi wa busara ni kusubiri jua la siku moja.

6. MADIGADI: KUKATA KIDOGO, KUFUNIKA VIZURI

Tairi kubwa likifungwa, litagusa madigadi kwenye nafasi mbili: usukani ukikatwa hadi mwisho, na springi ikibonyea hadi mwisho. Zote mbili zikikutana, tairi husaga bati au bati hukata tairi. Hivyo kazi ya madigadi ni ya usalama, na mpangilio wake ni huu.

Kwanza, pima kabla ya kukata. Gari lipandishwe tairi moja juu ya jiwe au rampu mpaka springi ibonyee, kisha usukani ukatwe kulia na kushoto huku mtu akiangalia. Pale linapogusa paandikwe kwa chaki. Madigadi yakatwe hapo tu. Kukata kwa kukisia, au kwa kufuata umbo la gari lililoonekana mjini, ni kupoteza bati.

Pili, angalia mpira ulio kati ya ekseli na chesisi, ambao huizuia ekseli isipande kupita kiasi. Ukiwa umeisha au umeng'oka, tairi litagonga madigadi hata kama ni la kimo cha kiwanda. Mpira mpya huenda ukatosha.

Tatu, kunja kabla ya kukata. Ukingo wa ndani wa madigadi mara nyingi unaweza kupigwa nyundo taratibu na kulazwa ndani. Hiyo huongeza nafasi bila kufungua bati.

Nne, ikibidi kukata, tujue kilichoko nyuma. Nyuma ya plastiki ya ndani kuna nyaya na mara nyingine chupa ya maji ya kioo. Kwenye baadhi ya magari ukingo huo ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyounganishwa kwa nukta za kuchomelea. Grainda ikipita ndani ya mstari wa nukta hizo, mabati huachana, maji na matope huingia katikati, na kutu hula kutoka ndani mahali pasipoonekana. Mahali hapo ni lazima pachomelewe upya na kuzibwa. Sehemu zinazoshika bodi kwenye chesisi, na mbavu zinazobeba injini na springi, zisiguswe kabisa.

Tano, kila ukingo uliokatwa upakwe praima na rangi siku hiyo hiyo. Kwa sharika za mwambao na za kando ya magadi, chumvi haisubiri wiki ijayo.

Sita, tairi lifunikwe. Tairi linalotokeza nje ya bodi hurusha mawe kwa waendao kwa miguu, kwa pikipiki inayofuata na kwenye vioo vya gari letu wenyewe. Nchi nyingi zinadai kwa sheria kwamba tairi lifunikwe. Basi upana ulioongezwa ufunikwe kwa ukingo wa mpira au plastiki uliofungwa kwa bolti, na raba za matope zirudishwe nyuma ya kila tairi.

7. FUNZO KUTOKA KWENYE THELUJI

Picha nyingi za pikapu zenye matairi makubwa na madigadi mapana zina asili yake Iceland. Huko kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanza mwaka 1990, imejijengea jina kwa kazi hiyo. Mwaka 2007 kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho Top Gear kilitumia Hilux zake zenye matairi ya inchi 38 katika safari ya kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini.

Tunaitaja kwa sababu ya mantiki yake. Wale watu wana tatizo moja kubwa, nalo ni theluji laini isiyobeba gari. Dawa yake ni tairi pana sana lenye upepo mdogo sana. Tairi hilo ndilo lililodai madigadi yakatwe na kupanuliwa. Walianza na njia, wakaja kwenye tairi, wakamalizia na bati. Sisi tuna mchanga, mawe, udongo wa mbuga na makorongo. Tukiiga bati lao bila kuwa na njia yao, tumenunua jibu la swali la watu wengine.

8. GARI LISIPINDUKE

Tumeliacha jambo hili karibu na mwisho ili likumbukwe. Chukua gari ambalo matairi yake ya kulia na kushoto yameachana sentimita 150, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka chini. Kwa hesabu ya karatasi, likiwa limesimama, litapinduka kwenye mteremko wa ubavu wa nyuzi 45. Liinue sentimita 5, nyuzi hushuka hadi 43. Liinue sentimita 10, hushuka hadi 41. Sasa pakia mizigo mirefu au watu waliosimama nyuma, kitovu kipande hadi sentimita 100: nyuzi ni 37. Njiani, kwa mwendo, kona na mashimo, namba zote hizo ni ndogo zaidi.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kuinua kidogo kunapunguza usalama kidogo, na kuinua sana kunapunguza sana. Lakini kinachoshusha namba kuliko springi ni namna tunavyopakia. Kamati inayobishana juu ya sentimita mbili za springi, kisha ikaruhusu vijana 15 wa kwaya kusimama nyuma ya pikapu, imelinda dirisha na kuacha mlango wazi.

9. MFANO WA UAMUZI

Katika dayosisi yetu tulipokea mapendekezo mawili kwa pikapu moja. La kwanza, kutoka gereji ya mjini, lilikuwa la kuinua sentimita 10, matairi ya 285/75R16, madigadi yakatwe pande zote nne na springi za nyuma ziongezwe vyuma viwili. Halikutaja breki hata kwa neno moja. La pili lilikuwa shokapu na bushi mpya, seti ya springi za mzigo wa wastani inayoinua sentimita 4, matairi ya 265/75R16 yenye meno ya matope, na kulaza ukingo wa madigadi ya mbele bila kukata.

Kabla ya kuchagua, tulimwomba dereva aandike kwa mwezi mmoja kila safari: mzigo, watu, njia, na mahali gari lilipogusa au kukwama. Daftari lilionesha kwamba safari nyingi zilikuwa na mzigo wa chini ya nusu tani, na kwamba kukwama kulitokea zaidi mchangani kuliko kwenye mawe. Kamati ikachagua la pili, ikaongeza pampu ya upepo, na ikaandika kwenye mkataba kwamba fundi atarekebisha vali ya breki za nyuma na kuonesha mipira ya breki ekseli ikiwa inaning'inia. Kampuni ya bima iliandikiwa barua kabla ya kazi kuanza. Daftari la mwezi mmoja, ambalo gharama yake ni kalamu, ndilo lililoamua matumizi ya fedha nyingi.

10. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika miezi mitatu iliyopita, gari letu lilibeba nini mara nyingi zaidi? Tunajua kwa daftari au kwa kukisia?
2. Mahali tunapokwama ni mchanga, tope, mawe au korongo? Je, dawa tunayoiomba ni ya ugonjwa huo?
3. Shokapu, bushi na mipira ya ekseli vilikaguliwa lini mara ya mwisho?
4. Je, pendekezo la fundi linataja breki, usukani na taa?
5. Nani atalijaribu gari likiwa na mzigo, kwenye mteremko, kabla ya malipo ya mwisho?
6. Je, mgonjwa akipakiwa usiku wa leo, springi tuliyochagua itamfikisha salama?

Kwa wafadhili na marafiki, tunaomba bajeti inayotaja shokapu, bushi na daftari isionekane ndogo mno kufadhiliwa. Ni rahisi kupata picha nzuri ya gari lililoinuliwa kuliko picha ya vali ya breki iliyorekebishwa. Uwakili mwema unatutaka tulipie hiyo ya pili kwanza, kwa ajili ya wale wanaopanda gari hilo wakiwa hawana gari jingine la kupanda.

Sharika zitakazofanya zoezi la daftari zitume nakala kwa ofisi ya miradi kabla ya kikao cha bajeti kijacho, ili maombi yajadiliwe kwa pamoja.